UZI: "The Very Hungry Caterpillar" – kitabu cha kiwavi mwenye njaa, walivyokipokea wahakiki, na mtego wa kukisoma kwa Kiswahili

#1 Kurasa_Kumi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa kitabu kimoja tu, The Very Hungry Caterpillar cha Eric Carle, kilichotoka Marekani mwaka 1969. Walimu wengi wa chekechea wanacho na wanakisoma huku wakitafsiri papo kwa papo. Kila kikitajwa huzuka hoja zilezile: sayansi yake imekosewa, kinafundisha ulafi, matunda yake si ya kwetu. Tuzipime kwa kitabu chenyewe kikiwa mkononi.

Kwa asiyekijua: kuna yai dogo juu ya jani usiku wa mbalamwezi. Jumapili asubuhi jua linachomoza na kiwavi anatoka. Jumatatu anatoboa tufaha moja, Jumanne peasi mbili, Jumatano plamu tatu, Alhamisi stroberi nne, Ijumaa machungwa matano, na kila siku bado ana njaa. Jumamosi anapitia vyakula kumi: keki ya chokoleti, aiskrimu, tango la achari, jibini, salami, peremende ya kijiti, pai ya cheri, soseji, keki ya kikombe na tikiti maji. Usiku huo tumbo linamuuma. Jumapili anakula jani moja bichi, anapata nafuu. Halafu anajijengea kinyumba, anakaa humo zaidi ya wiki mbili, anatoka akiwa kipepeo. Basi. Kwa Kiingereza ni maneno 224. Nakala zilizouzwa zimepita milioni 50 na lugha kilizotafsiriwa zimepita 60.

Msimamo wangu nauweka mapema: ukikihukumu kwa maneno yake peke yake utakiona chepesi. Hadithi nusu iko kwenye karatasi, kwa jinsi ilivyokatwa. Wahakiki walioliona hilo ndio waliokielewa.

#2 FundiKaratasi

Hapo umegonga penyewe. Niongeze upande wa ufundi, maana watu wengi wanashika toleo dogo la kurasa ngumu na hawatazami kilichofanyika.

Kurasa za Jumatatu hadi Ijumaa hazilingani upana. Ya tufaha ndiyo nyembamba kuliko zote, ya peasi imezidi kidogo, hivyo hivyo mpaka ya machungwa. Zikilala pamoja unaona matunda yote yamejipanga kama ngazi kutoka kushoto kwenda kulia. Kila tunda lina tundu halisi, kwa hiyo jumla ni 1+2+3+4+5, matundu 15. Mtoto akigeuza ukurasa anamkuta kiwavi upande wa pili wa tundu. Ameliona tendo la kupenya kabla hujamwambia neno.

Wazo lenyewe lilianzia kwenye panchi ya ofisini. Carle alitoboa rundo la karatasi, akamfikiria mdudu anayekula kitabu. Rasimu ya kwanza ilikuwa ya mnyoo aitwaye Willi. Mhariri wake, Ann Beneduce, hakumpenda yule mnyoo na akapendekeza kiwavi. Badiliko hilo moja ndilo lililoleta kipepeo, na bila kipepeo kitabu hakina mwisho. Kisha wakakwama kwenye uchapaji: Marekani hawakupata kiwanda cha kukifanya kwa bei inayolipa, maana kukata kurasa za upana tofauti na kutoboa ni hatua za ziada kwa kila nakala. Beneduce akapata mchapaji Japani.

Anayepanga kutoa kitabu cha matundu hapa kwetu aanze na swali hilo la gharama kabla hajamlipa mchoraji. Chuma cha kukatia hutengenezwa maalumu kwa kila umbo, na bei yake ni ileile uchape nakala 500 au 50,000.

#3 MhaririMdogo

Kuhusu mapokezi, tutenganishe tuzo za usanifu na tuzo za fasihi ya watoto, maana kitabu hiki kilisimama katikati.

Upande wa usanifu kilitambuliwa mapema: mwaka 1970 kilipata tuzo ya AIGA, chama cha wasanifu michoro wa Marekani. Lakini medali ya Caldecott ya mwaka huohuo, ile kubwa ya vitabu vya picha kule, ilikwenda kwa William Steig na kitabu chake cha punda aitwaye Sylvester. Nacho ni cha wanyama, ila kimebeba hadithi ndefu, hofu, wazazi wanaomtafuta mwana. Ukiviweka viwili hivyo kando kwa kando unaelewa mizani ya wakati ule: kimoja kinasimulia, kingine ni kifaa. Carle mwenyewe alikuwa ametoka kwenye kazi ya matangazo ya biashara, na alipenda kukieleza kitabu chake kama kitu kilicho nusu chombo cha kuchezea, nusu cha kusoma.

Muda ukageuza hukumu. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Wilder ya wakutubi wa Marekani kwa kazi ya maisha yake. Mwaka 2012, kwenye kura ya vitabu 100 bora vya picha iliyoendeshwa na School Library Journal, kiwavi alishika nafasi ya pili. Wapo pia waliomsoma kama mfano wa ubepari, anayeonja kila kitu na kuacha mabaki. Mimi siioni nguvu ya usomaji huo. Kiwavi hana anachokilimbikiza. Kila alichokula kimeingia kwenye mwili unaobadilika.

Carle alisema hiki ni kitabu cha matumaini: kitu kidogo kisichothaminiwa kinaweza kukua, kikapata mbawa. Alizaliwa Syracuse, New York, mwaka 1929, akapelekwa Ujerumani mwaka 1935 na kukulia Stuttgart wakati wa vita. Mtu wa historia hiyo akikuandikia juu ya njaa na rangi, msikilize.

#4 Bi_Shamba

Nije kwenye sayansi, maana hapa watu hurushiana maneno bila kumtazama mdudu.

Makosa ni mawili na huwa yanachanganywa. La kwanza ni kinyumba. Kitabu cha Kiingereza kinakiita kwa jina la kile kifuko cha nyuzi anachosokota nondo, kama nondo wa hariri. Kiwavi wa kipepeo kwa kawaida hafumi kifuko. Anajining'iniza, anavua ngozi yake ya mwisho, na chini ya ngozi hiyo pupa yuko tayari na ganda lake. Hajengi nyumba, yeye mwenyewe ndiye nyumba. (Kuna vipepeo wachache wa milima ya baridi, jenasi Parnassius, wanaofuma utando kidogo, lakini ni wachache kweli.)

La pili halitajwi sana na kwangu ndilo kubwa: kitabu kinasema alitafuna tundu akatoka. Kipepeo aliyekomaa hana taya za kutafuna, ana mrija wa kufyonzea uliojikunja. Ganda la pupa hupasuka nyuma ya kichwa, anajisukuma nje na mbawa zilizokunjamana, anajining'iniza, kisha anasukuma majimaji ya mwili kwenye mishipa ya mbawa mpaka zinyooke. Ukimgusa wakati huo mbawa zinaharibika moja kwa moja.

Kuhusu chakula: hakuna kiwavi wa kipepeo anayezunguka matunda matano. Wengi wamefungwa kwenye mimea michache. Ukitaka kuwaonyesha watoto ukweli wenyewe, tafuta kiwavi wa michungwa, Papilio demodocus, anayepatikana karibu Afrika yote kusini mwa Sahara. Mayai yake hutagwa moja moja juu ya majani machanga ya mchungwa, mlimau au mndimu. Akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege, weusi na weupe, na hiyo ni kinga yake. Akikua anageuka kijani. Mguse kidogo na kijiti: nyuma ya kichwa inachomoza pembe laini yenye matawi mawili, rangi ya chungwa, na harufu kali. Watoto hawaisahau.

Kumfuga darasani ni rahisi lakini kuna pa kukosea. Tumia chupa ya mdomo mpana, funika kwa kipande cha chandarua kisicho na dawa. Kitawi cha mlimau kiwe ndani ya kichupa cha maji, na mdomo wa kichupa uzibwe kwa pamba, la sivyo kiwavi anashuka shina na kuzama. Majani mapya kila siku, kinyesi kiondolewe kila siku, maana unyevu na ukungu ndio muuaji mkuu. Majani ya mti uliopuliziwa dawa hayafai hata ukiyaosha. Akikataa kula siku nzima usimtupe, anajiandaa kuvua ngozi. Weka vijiti vya kusimama, maana pupa hujifunga hapo kwa uzi mmoja kiunoni. Usiweke chupa juani.

Na tahadhari: kiwavi wa kwenye kitabu ana nywele mgongoni. Viwavi wetu wengi wenye nywele huwasha vibaya. Mtoto aambiwe waziwazi kwamba yule wa kitabuni anashikwa, wa mtini anatazamwa.

#5 Kurasa_Kumi

Bi Shamba, ahsante, somo limekaa. Nakubali makosa yote mawili. Natetea moja tu, lile tundu la mwisho.

Tazama mpangilio: matundu 15 kwenye matunda, kisha anatafuna jani, kisha anatafuna njia ya kutokea. Kitabu kizima ni mdomo unaofungua njia. Ukiandika "ganda likapasuka" umesahihisha sayansi na umeuvunja mwendo wa hadithi pale unapotakiwa kukamilika. Kuhusu jina la kinyumba, Carle alieleza kwamba baba yake alikuwa akimwambia atoke kwenye kifuko chake, na neno hilo akalibakiza kwa sababu hiyo.

Sisemi mtoto abaki na uongo. Nasema sahihisho liwe mtini, kwa kiwavi wa mlimau, siku inayofuata.

#6 Bi_Shamba

Kwa Kiingereza hoja yako ina uzito. Kwa Kiswahili tuna njia nyepesi. Sema "akajijengea kinyumba kidogo" na uishie hapo. Hukutaja kifuko cha nyuzi, hukutaja pupa, hukudanganya. Kisha mtoto akiuliza kinaitwaje, mwambie pupa. Ni neno la vitabu vya shule, na ndilo la biashara pia: wakulima wa mradi wa Kipepeo pale Gede, pwani ya Kenya, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, tangu 1993 wanafuga vipepeo na kuuza pupa kwenye maonyesho ya nje ya nchi. Amani, Usambara Mashariki kule Tanzania, nako walikuwa wakifanya kazi hiyohiyo. Mtoto wa Gede akisomewa kitabu hiki anamjua pupa kuliko mhariri wa New York.

#7 Ngeli_na_Mizani

Mmesahau tatizo ambalo ni letu sisi peke yetu. Siku.

Majina yetu ya siku yana namba ndani yake, na namba hizo zinagombana na matunda. Soma kwa sauti: Juma*tatu* akala *moja*. Juma*nne* akala *mbili*. Juma*tano* akala *tatu*. Mtoto wa miaka minne anayejifunza kuhesabu anasikia namba mbili tofauti kwa pumzi moja. Alhamisi nayo ni "ya tano" kwa Kiarabu, kwa kuwa wao huanza kuhesabu Jumapili nasi tunaanza Jumamosi, na siku hiyo anakula nne. Halafu Jumamosi, siku ya *mosi*, anakula kumi! Hesabu na siku, ambazo wahakiki wanazisifu kuwa zinafundishwa kwa pamoja, kwetu zinavutana.

Yapo mambo mawili ya kufanya. Kwa watoto chini ya miaka minne acha majina ya siku kabisa. Sema "siku ya kwanza akatoboa tufaha moja", geuza, "kesho yake akatoboa peasi mbili", geuza, "kesho yake tena...". Mwendo wa kurasa unabeba muda, hupotezi kitu. Kwa wakubwa, miaka sita hivi, geuza tatizo kuwa somo: chora visanduku saba ubaoni, anza na Jumamosi, waone kwamba jina la siku mpaka Jumatano linataja mbili zaidi ya matunda. Wanaipenda hiyo wakiigundua wenyewe, kwa hiyo usiwatajie.

La pili ni ngeli. Picha haibadiliki, huwezi kusema embe wakati limechorwa tufaha, ila una uhuru wa kuchagua jina. Ukisema "matunda mawili, matatu, manne" mtoto hasikii namba anazozijua kwenye wimbo wa kuhesabu. Majina ya kukopa yanakaa vizuri kwenye ngeli ya I-ZI: peasi mbili, plamu tatu, stroberi nne. Namba zinatoka safi. Machungwa matano yanakuja mwisho na kuleta ule upatanisho, mtoto akiwa ameshazoea. Epuka "pea mbili", atafikiri ni viatu.

Na hoja kwamba matunda haya si ya kwetu isemwe kwa kiasi. Lushoto wanalima matufaha, mapeasi na plamu, yanashushwa sokoni kwa matenga. Kigeni hasa ni salami na tango la achari, na hapo ugeni unasaidia: Jumamosi ndiyo siku ya kupita kiasi, vyakula vionekane vya ajabu.

#8 Mkutubi254

Hamjambo nyote. Nalirekebisha jambo moja linalozunguka sana kwenye makundi ya wazazi: ile nukuu inayodai Carle aligombana na wachapishaji kwa sababu hakutaka kiwavi aumwe tumbo, eti alitaka mtoto ale bila kuadhibiwa. Si maneno yake. Ilitoka kwenye mahojiano ya kubuni ya Siku ya Wajinga, 2015, kwenye tovuti ya The Paris Review. Carle alipofariki Mei 2021 ikasambaa kama ya kweli, na hata vyombo vikubwa vya habari viliinukuu kisha vikasahihisha. Tafadhali msiitumie kwenye hoja.

Kuhusu ulafi, ushahidi unaelekea pande zote mbili. Mwaka 2011 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilikitumia kitabu hiki kwenye kampeni ya lishe bora, kwa mantiki kwamba vitamu vinaleta maumivu na jani linaponya. Wanaopinga wanasema mtoto asifundishwe kuogopa chakula. Mimi naona maandishi hayamkemei kiwavi hata mara moja. Tumbo linauma, kesho yake anakula jani, yamekwisha. Anayekemea ni msomaji kwa sauti yake. Ukifika kwenye "akawa mkubwa na mnene", usiseme kwa dharau. Kwa wengi wetu kunenepa ni kupata afya, na kwa kiwavi ndiyo kazi yake hasa, kwa kuwa akiwa pupa hatakula tena.

Kwa maktaba: nunueni toleo la kurasa ngumu kwa watoto chini ya miaka mitatu. La karatasi huchanika kwanza kwenye ukurasa wa tufaha, chini karibu na mshono, kwa sababu ndio mwembamba na mtoto anaushika mzima kama mpini. Selotepu inageuka manjano na kunata kurasa jirani. Tumieni kipande cha karatasi nyembamba na gundi ya unga.

#9 Mwalimu_Chekechea

Nashukuru sana, hasa hilo la siku. Kwa usomaji wa kikundi: watoto wasizidi 12 kwa nakala moja, la sivyo matundu hayaonekani. Kitabu kikae ubavuni mwako, si mbele ya kifua, mkono wako usizibe ngazi ya matunda. Pitisha kidole tunduni *baada* ya kusema namba. Kibwagizo kiwe kifupi, "lakini bado ana njaa!", na kisibadilike hata silabi, ndipo watoto wanakidaka kufikia Jumatano. Ukurasa wa Jumamosi usiukimbize. Taja chakula, subiri, taja kingine.

Ombi kwa FundiKaratasi: darasa likitaka kutengeneza lake, kwa matunda ya hapa, vipimo viweje? Na zile rangi zake za mawimbi anazipataje?

#10 FundiKaratasi

Mwalimu, rangi kwanza. Carle alipaka rangi ya akriliki kwenye karatasi laini ya tishu, ile nyembamba ya kufungia zawadi, tabaka juu ya tabaka, kwa brashi, vidole, sponji, hata vipande vya zulia. Zikikauka alizihifadhi kwa rangi, kisha akakata maumbo kwa kisu na kuyabandika juu ya kadibodi nyeupe kwa gundi ya karatasi za ukutani. Kijani cha kiwavi kinaonekana hai kwa sababu ni vijani vingi vinavyoonekana kupitia kimoja.

Darasani: tishu nyeupe, isiwe ya rangi ya kiwandani maana hiyo hupauka. Ilaze juu ya nailoni. Rangi ya akriliki, usiiongezee maji mengi. Rangi ya maji ya shule ni rahisi lakini ukipaka gundi juu yake inaloa upya na kuchafua kila kitu. Ikibidi kuitumia, weka gundi kwenye kadibodi, si kwenye tishu. Acha ikauke kabisa kabla ya kuibandua.

Gundi: kikombe 1 cha unga wa ngano ukikoroge na kikombe 1 cha maji baridi mpaka madonge yaishe, mimina kwenye vikombe 3 vya maji yanayochemka, koroga dakika 3 hadi 5 mpaka ing'ae. Chuja kwa kitambaa. Nusu kijiko cha chai cha shabu huchelewesha ukungu, hata hivyo usiiweke zaidi ya siku mbili tatu. Kadibodi ikipinda, bandika karatasi tupu upande wa nyuma ivutane sawa.

Vipimo: karatasi ya gramu 300, urefu sm 21. Upana wa kurasa tano, pamoja na sm 1.5 za mshono, uwe sm 5, 8.5, 12, 15.5 na 19. Kila ukurasa unaonyesha utepe wa sm 3.5, na matunda matano ya sm 3.5 yanapangwa wima bila kubanana. Tundu liwe sm 1. La panchi ya ofisini halitoshi kidole cha mtoto. Fundi viatu ana chuma cha kutobolea ngozi, mpelekee kurasa, atoboe kila mmoja peke yake juu ya ubao. Kosa la kawaida ni kutoboa kurasa zote kwa pamoja, halafu tundu la tufaha linapenya mpaka kurasa za chini. Kingine: sehemu ya ukurasa wa chini inayoonekana kupitia tundu iachwe nyeupe, la sivyo tufaha lako litakuwa na jicho la zambarau.

#11 Mwalimu_Chekechea

Ubarikiwe. Matunda ya hapa nikichagua embe, mapapai, mafenesi, ngeli itakuwa ya ma-. Nimsikilize Ngeli_na_Mizani au nifuate shamba?

#12 Ngeli_na_Mizani

Picha ni zako safari hii, kwa hiyo chagua ya ngeli moja tokea mwanzo: ndizi moja, nanasi mbili, pera tatu zitakukwaza, watu wa kwenu watasema mananasi mawili, mapera matatu. Ama zote za ma-, embe moja, mapapai mawili, mapera matatu, mafenesi manne, machungwa matano, na mtoto ajifunze upatanisho kwa sikio. Ama zote za I-ZI: ndizi moja, zabibu mbili, karanga tatu, tende nne, ndimu tano. Kwa darasa la miaka minne ningeanza na hiyo ya pili. Ndimu ikae Ijumaa, maana kiwavi wa Bi Shamba atakuwa kwenye jani la mti huohuo pale dirishani.